Mizani na Lumbesa: Uhakiki wa Taarifa Zinazopanga Mataifa kwa Daraja

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaishughulikia inavyostahili, ingawa huingia katika maisha ya taifa kwa nguvu kuliko riwaya na tamthilia nyingi. Aina hiyo ni taarifa za kimataifa zinazolinganisha nchi na nchi, kisha kuzipanga kwa daraja tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Hutolewa kila mwaka, au kila baada ya miaka michache, na mashirika yenye makao yake Washington, New York au Berlin. Zinapotoka, magazeti huandika kwamba tumepanda au tumeshuka, viongozi huulizwa maswali, na mwalimu darasani huitaja nafasi yetu kama vile anavyotaja uzito wa Kimondo cha Mbozi.

Lakini mambo haya mawili hayafanani. Kimondo kipo pale wilayani Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Wataalamu wamekikadiria kwa namna mbalimbali: wengine tani 12, wengine tani 16, na zamani hata tani 25. Makadirio yanatofautiana, lakini uzito wenyewe ni mmoja, na ungalikuwapo hata kama asingalitokea mtu wa kuukadiria. Nafasi ya taifa katika orodha haina uwepo wa namna hiyo. Huzaliwa pale mtu anapoamua nini kihesabiwe, kihesabiwe mahali gani, na kipewe uzito kiasi gani. Kwa maneno mengine, ni zao la maandishi. Na maandishi yana mwandishi, yana mandhari, yana wahusika walioteuliwa na wengine walioachwa nje. Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi kwamba taarifa hizo zaweza kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote, na kwamba taifa lisilojua kuzihakiki litakuwa ama mtumwa wake ama adui wake asiye na hoja.

Tutazitazama kutoka Tunduma. Mji huu uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo baada ya zaidi ya kilomita 900, kisha huendelea Zambia na hadi migodi ya shaba ya Kongo. Kazi ya watu wa hapa, mchana na usiku, ni kupima na kupimwa. Malori hupandishwa kwenye mizani ya Mpemba. Mpunga na mahindi hupimwa kwa debe na gunia. Shilingi hupimwa kwa kwacha. Mahali penye wapimaji wengi kiasi hiki ndipo panapofaa kuuliza habari za mizani ya dunia.

Somo la lumbesa

Mkulima wa Mbozi anaifahamu lumbesa bila ya kufundishwa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha mdomo huo hauzibwi, bali huongezwa kipande cha gunia jingine au wavu, na mzigo huendelea kupanda mpaka gunia liwe na kilemba. Linapokwisha kushonwa, mnunuzi hulihesabu kuwa gunia moja na kulilipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza jambo hili, na Wakala wa Vipimo wamepambana nalo kwa miaka mingi, lakini mashambani ambako mizani iko mbali na mnunuzi yuko karibu, lumbesa bado huonekana.

Yafaa tutambue kwamba uovu wa lumbesa haumo katika kupima. Umo katika kuficha kipimo ndani ya neno. Neno ni lile lile, gunia. Kilichobadilika ni kitu kinachoitwa gunia, na mwenye kukibadilisha ni mmoja tu kati ya wale wawili wanaopatana bei. Mkulima anapolalamika, hasemi kwamba mazao yake yasipimwe. Anadai mizani, tena mizani anayoweza kuisoma yeye mwenyewe. Msimamo huo wa mkulima ndio tutakaouchukua katika uhakiki huu.

Asili na fani ya taarifa hizi

Aina hii ya maandishi si kongwe. Mwaka 1978 Benki ya Dunia ilianza kutoa Taarifa ya Maendeleo ya Dunia, na majedwali yaliyowekwa nyuma ya kitabu yalizipanga nchi kwa kipato cha kila mtu, kuanzia maskini kabisa kuelekea tajiri. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa Taarifa ya Maendeleo ya Watu. Mwaka 1995 shirika la Transparency International, lenye makao yake Berlin, lilitoa orodha yake ya kwanza ya mataifa kwa kadiri rushwa inavyodhaniwa kuenea katika kila moja. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ilianza taarifa iliyojulikana kwa jina la Doing Business, yaani kufanya biashara, nayo miaka miwili baadaye ikaanza kupanga nafasi. Mwaka 2007 ikafuata nyingine ya kupima usafirishaji wa mizigo.

Kifani, taarifa hizi hufanana sana. Msimulizi wake haonekani. Hakuna mahali panaposemwa "mimi nadhani". Tarakimu huandikwa na nukta yake, na nukta hiyo humtia msomaji imani kwamba mambo yamepimwa kwa uangalifu mkubwa. Jedwali huwekwa mbele, na kanuni za kulipata huwekwa nyuma katika viambatisho. Hapana budi tuwe wa haki: kanuni hizo kwa kawaida huchapishwa wazi. Lakini gazeti hunukuu jedwali, waziri hujibu jedwali, mwanafunzi hukariri jedwali. Kiambatisho hubaki bila msomaji, na humo ndimo mwandishi alimokiri chaguzi zake zote.

Chukua mfano ambao mwanafunzi aweza kuukokotoa mwenyewe. Mwanafunzi mmoja amepata alama 80 katika Hisabati na 50 katika Kiswahili. Mwenzake amepata 60 na 68. Tukijumlisha, wa kwanza ana 130 na wa pili ana 128; basi wa kwanza ameongoza. Sasa tuseme kwamba Kiswahili, kwa kuwa ndicho lugha ya taifa, kihesabiwe mara mbili. Wa kwanza atapata 180, na wa pili 196. Hakuna aliyedanganya, hakuna alama iliyobadilishwa, wala hakuna aliyesoma zaidi usiku ule. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu juu ya uzito wa somo. Fahirisi yoyote inayochanganya mambo mengi kuwa tarakimu moja ina uamuzi wa namna hiyo ndani yake.

Kasoro ya pili ya kifani ni kwamba nafasi huficha pengo. Aliye wa 50 na aliye wa 60 wanaweza kuwa wametenganishwa na nusu ya alama; tena nchi yaweza kushuka bila ya kuharibikiwa na lolote, kwa sababu tu wengine wamesogea mbele. Jambo hili walimu wanalielewa. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Shule yenye maabara na maktaba na ile isiyo na madawati haziwezi kusimamishwa katika mstari mmoja na kuambiwa kwamba mbio zilikuwa za haki. Mitihani haikufutwa, wala alama hazikufichwa. Kilichoachwa ni ule mstari.

Mandhari na wahusika: mfano wa Doing Business

Sasa tuingie ndani ya kazi moja na kuisoma kwa karibu. Tunaiteua taarifa ya Doing Business kwa sababu ilisomwa na serikali nyingi kuliko nyingine za aina yake, na kwa sababu tayari imefikia mwisho, hivyo twaweza kuitazama yote.

Mhusika mkuu wa kitabu hiki ni kampuni ya kubuni. Ili nchi zote zilinganishwe, waandishi walimtengeneza mhusika mmoja na kumpeleka kila nchi. Katika sura ya kuanzisha biashara, kampuni hiyo ina wamiliki watano, wote wenyeji wa nchi. Ina wafanyakazi kati ya 10 na 50. Na mtaji wake ni mara kumi ya kipato cha mtu mmoja kwa mwaka. Mandhari ni jiji kubwa kabisa la biashara katika nchi, na kwetu jiji hilo ni Dar es Salaam. Katika sura ya biashara ya kuvuka mipaka, mhusika huyo huagiza tani 15 za vipuri vya magari katika kontena, na kwa upande mwingine huuza nje bidhaa ambayo nchi yake inaiuza kwa wingi.

Huyu ni mhusika anayeaminika. Makampuni ya namna yake yapo, na shida zake ni shida za kweli: karatasi nyingi, ofisi nyingi, siku nyingi za kusubiri. Katika taarifa ya mwisho, iliyoitwa ya mwaka 2020, safari zake hizo zote zilijumlishwa na Tanzania ikapewa nafasi ya 141 kati ya nchi 190. Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56, na Zambia ya 85.

Tuipeleke orodha hiyo Tunduma tuone itasimamaje. Mji wa Tunduma na mji wa Nakonde ulio upande wa Zambia umekaribiana kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni mji mmoja. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, kwa sababu walikuwapo kabla Wajerumani na Waingereza hawajapatana mwaka 1890 kuigawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mtu aliyeamka Nakonde na kuvuka kuja Tunduma kununua sabuni, kwa mujibu wa orodha hiyo, ameshuka nafasi 56 kwa hatua chache. Je, amekutana na nini hasa katika hatua hizo? Ameona soko lile lile, amesikia salamu zile zile, amebadilishiwa fedha na vijana wale wale. Tofauti za sheria na kodi zipo, na ni muhimu, lakini orodha haikuzipima hapo. Ilizipima katika majiji makubwa yaliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani, kisha ikalipaka taifa zima rangi ya jiji lake.

Wako wapi, basi, watu wa Tunduma katika kitabu hicho? Mama anayenunua mchele magunia mawili na kuuvusha hana wamiliki watano wala wafanyakazi kumi. Hana kontena. Shida yake ni nyingine: ajue kodi ipi inamhusu na ipi haimhusu, asinyang'anywe mzigo, asilazimike kupita njia za panya usiku. Kwa miaka mingi shida hiyo ilizidishwa na jambo la kisheria. Tanzania ilijitoa mwaka 2000 katika COMESA, jumuiya ya soko ambayo Zambia imebaki ndani yake. Na Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu mwepesi uliowekwa na kila jumuiya kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa mipakani ulikuwa ukiishia pale pale mama huyu anapoanzia safari yake.

Au mtazame dereva wa lori na utingo wake, waliobeba shaba ya Kongo kuipeleka bandarini. Shaba hiyo si bidhaa inayouzwa na Tanzania, wala si bidhaa inayoagizwa na Tanzania, inapita tu. Foleni ya malori iliyopata kunyooka kwa kilomita nyingi kutoka mpakani, pamoja na siku ambazo madereva walilala chini ya malori yao, haikuwa na mahali katika hesabu ya kitabu. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Kwa wanaoitumia njia hiyo, hili lilikuwa tukio kubwa kuliko nafasi yoyote katika orodha. Lakini yule mhusika wa kubuni, mwenye ghala lake Dar es Salaam, angeliweza kuishi maisha yake yote bila ya kujua kwamba Tunduma ipo.

Mwandishi ana haki ya kuteua mhusika wake. Hatumlaumu mtunzi wa riwaya ya mjini kwa kutoandika habari za shamba. Tatizo hutokea pale riwaya ya mtaa mmoja inapopewa jina la nchi nzima juu ya jalada lake, na serikali zikaanza kuishi kwa kuifuata. Ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya serikali duniani ziliunda vitengo maalumu vya kupandisha nafasi zao katika taarifa hiyo. Marekebisho mengine yalikuwa mema, kama kupunguza karatasi zisizo na maana. Lakini nguvu ya taifa ina kiasi chake. Ikielekezwa kumpendeza mhusika wa kubuni, kuna mtu halisi atakayengoja. Hiyo ndiyo lumbesa ya tarakimu: neno ni "nchi", lakini kilichomo ndani ya neno ni kampuni moja katika jiji moja.

Mizani iliyochezewa

Mwisho wa kitabu hiki una mafunzo. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilisimamisha utoaji wake baada ya kugundulika kasoro katika takwimu za taarifa za miaka 2018 na 2020, zilizohusu China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azabajani. Uchunguzi ulifanyika, na Septemba 2021 Benki ikatangaza kwamba haitaitoa tena. Kazi nyingine ya kuchukua nafasi yake ilianza kutolewa mwaka 2024, kwa kuanzia na nchi 50.

Wapo watakaofurahi na kusema: "Tulijua!" Furaha hiyo ina haraka. Kwanza, kasoro hizo ziligunduliwa kwa sababu kanuni za kitabu zilikuwa zimeandikwa, na watu waliokuwa ndani waliweza kusema kwamba zimekiukwa. Mizani isiyo na maandishi yoyote haigunduliki ikichezewa. Pili, kuanguka kwa mizani hiyo hakukumfupishia foleni dereva hata mmoja. Karatasi zilizokuwa nyingi Dar es Salaam mwaka 2020 zilikuwa nyingi kwa kweli.

Taarifa iliyopita njia hii zamani

Si mara ya kwanza ukanda huu kupimwa na wageni. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilitoa taarifa kuhusu wazo la kujenga reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Taarifa ilisema kwamba reli hiyo isingekuwa na faida ya kiuchumi, na kwamba barabara ingefaa zaidi. Mwaka uliofuata, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia, ambayo njia zake za kwenda baharini zilipita kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mwaka 1967 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na China. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Inapita Tunduma.

Simulizi hii hupendwa, na ni haki ipendwe. Lakini mhakiki haishii kwenye kushangilia. Reli ya TAZARA haikupata kufikia tani milioni mbili kwa mwaka zilizokusudiwa katika usanifu wake, na katika mwaka wa 2014/15 mizigo yake ilishuka chini ya tani laki moja. Malori yanayojaa Tunduma yanabeba mizigo ambayo ingaliweza kupanda treni. Basi waliopiga hesabu ya mwaka 1964 hawakuwa waongo. Walichokosea ni kuweka katika mizani kitu kimoja tu, faida ya fedha, na kuacha nje kitu ambacho kwa watu wa Zambia mwaka 1965 kilikuwa na uzito kuliko shaba: njia ya kufika baharini bila ya kumpigia magoti mbaguzi. Na sisi nasi, tulipokwisha kupata kile kilichoachwa nje, tulisahau kwamba kile kilichokuwamo ndani ya mizani bado kilihitaji kutunzwa. Injini isiyo na vipuri haivutwi na fahari ya historia.

Kipimo kilichotutendea haki

Ipo pia mifano ya fahirisi iliyowatetea wanyonge. Kabla ya mwaka 1990, taifa lilipimwa kwa kipato, na kwa kipimo hicho Tanzania ilikaa karibu na mkia. Mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akisaidiwa na wenzake akiwamo Amartya Sen wa India, alitunga fahirisi mpya yenye mambo matatu: umri ambao mtu anatarajiwa kuishi, elimu, na kipato. Sen amesimulia kwamba mwanzoni alikuwa na shaka juu ya kuyabana maisha ya watu katika tarakimu moja. Haq alimjibu kwamba tarakimu moja inahitajika, maana pasipo hiyo kipato kitaendelea kutawala peke yake.

Katika taarifa ya kwanza, Tanzania ilitajwa miongoni mwa nchi, kama Sri Lanka na Costa Rica, ambazo nafasi yake kwa maendeleo ya watu ilikuwa juu sana kuliko nafasi yake kwa kipato. Hapo mizani mpya ilikuwa imepima kitu ambacho ile ya zamani haikukiona: madarasa ya elimu ya watu wazima, shule za msingi zilizofunguliwa kila kijiji, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu ya serikali, walikuwa chini ya asilimia 10.

Hata hivyo, tusiipokee tarakimu kwa kuwa tu inatusifu. Hesabu hiyo ya mwaka 1986 nayo ina kiambatisho chake. Aliyehesabiwa kuwa anajua kusoma alipimwa kwa mtihani gani? Je, baada ya miaka mitano bila gazeti kijijini, alikuwa bado anasoma? Mwalimu anayeuliza maswali haya juu ya taarifa za Washington tu, asiyaulize juu ya zetu, atakuwa amefundisha chuki badala ya uhakiki.

Kujipima wenyewe

Hapa ndipo linapofika suala la utamaduni wa taifa. Taifa linalojitegemea hujipima lenyewe, na hujipima hadharani. Katika jambo hili tumepata kuteleza. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikaweka adhabu kwa mtu atakayetangaza tarakimu za kupotosha au kupinga takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na jinai hiyo ikaondolewa. Kuondolewa kwake kulikuwa kwa hekima. Mizani ambayo mnunuzi hairuhusu isomwe na muuzaji haiwi ya haki kwa kuwa imefungwa na mtu wa kwetu. Hatuwezi kumkataza mgeni kutupima kwa siri, halafu sisi tukapimana gizani.

Suala la pili ni lugha. Takriban taarifa hizi zote hutufikia kwa Kiingereza, na kinachotafsiriwa ni nafasi pekee: "wa 141". Hoja hubaki ng'ambo. Neno fahirisi lipo katika Kiswahili, lakini wengi wetu tunalijua kama orodha iliyo mwisho wa kitabu, si kama kipimo kilichounganishwa kutokana na vipimo vingi. Mwananchi asiye na maneno ya kuuliza uzito, sampuli na kadirio hana budi kunyamaza mbele ya tarakimu, naye akinyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika. Kuyaingiza maneno haya katika mazungumzo ya darasani, hata kabla ya kuingia katika kamusi, ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili sawasawa na ya mwalimu wa Hisabati.

Kwa hiyo, taarifa ya namna hii inapoletwa darasani, na iulizwe maswali yale ambayo huulizwa tamthilia. Nani anasimulia, na nani amemlipa? Mandhari ni wapi, na mahali gani pa nchi hapakufikiwa? Wahusika ni nani: aliulizwa mwenye kampuni, au mwenye gunia? Kila jambo limepewa uzito gani, na nani angeshika nafasi ya kwanza kama uzito ungebadilika? Mwisho, baada ya kuulizwa yote hayo, ni jambo gani ndani ya taarifa hii ni kweli na linatuuma? Swali hili la mwisho lisiachwe. Uhakiki unaokwisha kwa kumwondolea msomaji aibu yote umekuwa kasumba ya aina nyingine.

Shule za Tunduma zina nafasi ambayo shule nyingine hazina. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wakiongozwa na mwalimu wao, wanaweza kutunga fahirisi yao ya mpaka. Wakubaliane wenyewe mambo ya kupima: saa ambazo dereva anasubiri, idadi ya karatasi anazodaiwa mfanyabiashara mdogo, bei ya debe la mahindi pande zote mbili, umbali wa kufika kwenye maji na choo kwa watu walio kwenye foleni. Wabishane juu ya uzito wa kila jambo, waandike sababu zao, waende wakahesabu, kisha wabandike jedwali pamoja na kanuni zake katika ukuta mmoja. Watagundua kwamba kupima ni kazi ngumu, na watawaheshimu zaidi wale wanaoifanya kwa uaminifu. Watagundua pia kwamba waliokaa kwenye meza ya kuamua uzito ndio walioamua nusu ya matokeo, kabla ya mtu yeyote kwenda mpakani.

Mwanafunzi aliyepitia zoezi hilo hatababaika atakaposoma gazetini kwamba nchi yake ni ya mia moja na kitu. Atatafuta kiambatisho kwanza, kama vile baba yake wa Mbozi anavyoinama kutazama mdomo wa gunia kabla ya kukubali bei.